Kamba ya Doti Nne

Uledi alikuwa ameapa kwamba maji ya Jangwani anayajua nje ndani. Kiapo chenyewe hakikumaliza dakika tano. Kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo kilichofunikwa, ilikohoa mara mbili ikazima, na Mto Msimbazi, ambao juzi tu kuku aliuvuka kwa miguu, ukaingia mlangoni bila hodi.

Tusimlaumu Uledi peke yake. Alitaka wangoje mvua ipungue. Aliyekataa ni Kuruthumu, muuza kanga wa Kariakoo, mwanamke ambaye akishasema tunaenda, mmekwenda. Nyuma ya gari kulikuwa na robota la kanga za shughuli ya Magomeni, na pembeni yake alikaa bintiye Badria, miaka kumi na minne.

Maji yaliibeba gari kinyumenyume hadi ikajibamiza kwenye gofu la nyumba ya ghorofa, ambayo wenyewe walishahamishwa bondeni zamani. Ikakwama kwenye nguzo ya pembeni. Kioo kilimchana Uledi mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja. Wakatokea madirishani, wakapanda juu ya paa la gari. Uledi alimfokea Kuruthumu aliache robota. Mwanamke hakusikia, akapanda akilikokota.

Maji yaliendelea kupanda. Kila gogo lililopita liliigonga gari, nayo ikasogea kidogo. Juu yao, kimo cha watu watatu, kulikuwa na sakafu ya zege yenye nondo zilizotokeza. Ngazi ilikuwa imeshazolewa.

Badria alikuwa akiutazama ukuta, na mama yake aliujua utazamaji ule. Mwezi uliopita alimfuata kwenye ghala moja la mtaa wa Msimbazi, ambako Mwalimu Candida hufundisha watoto mchezo wa kupanda kuta, akamkuta mwanawe ananing'inia kwa vidole karibu na bati. Alimshusha kwa makelele mbele ya wenzake. Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba kuna kamba, na kuna mtu anayeishika. Kuruthumu akamjibu kwamba mtoto wa kike si popo, na yeye hakuzaa ili azike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akapiga marufuku, mjadala ukaishia hapo.

"Mama, naweza kufika juu."

"Huwezi."

"Matofali yamelika, kuna pa kushika mpaka kwenye zege. Niruhusu."

Angeweza kupanda bila ruhusa, nani angemkamata? Lakini aliomba, kwa adabu, huku maji yakimpiga magoti, na heshima ile ilimchoma mama kuliko ukaidi. Gogo jingine likagonga. Gari ikainama, Uledi akateleza, wakamdaka kwa ukosi wa shati.

Kuruthumu akalipasua robota kwa meno.

Hapo sasa alikuwa kwenye kazi yake. Kanga za nailoni alizitupa mtoni, fundo lake huteleza. Akachambua za pamba tupu, maana pamba ikilowa fundo huzidi kuuma. Doti nne ambazo hazijakatwa alizisokota, akaziunga, akajaribu kila fundo kwa kulikanyaga na kulivuta. Ncha moja akamfunga mwanawe chini ya makwapa.

"Nifundishe kuishika," alisema.

"Ipitishe nyuma ya kiuno. Kaa, kaza miguu kwenye nguzo. Niachie kidogo kidogo. Nikianguka usinivute, wewe kaza tu. Mkondo utanirudisha ukutani."

"Ukianguka?"

"Huwa naanguka, mama. Kila siku."

Badria akapanda. Vidole vyake vilipapasa, vikapima, vikashika. Alikuwa amevuka nusu ya ukuta tofali liliponyofoka, akadondoka chali, maji yakammeza.

Kanga ilimkata Kuruthumu kiunoni, ngozi ya viganja ikachubuka. Kila kiungo mwilini mwake kilimwambia avute. Hakuvuta. Alikaza, akihesabu kwa sauti, akilia bila haya. Alipofika tisa, Badria aliibuka kando ya ukuta, akikohoa. Uledi akampandisha kwa mkono wake mzima.

Mtoto alikuwa anatoka damu puani. Safari hii hakuomba kitu, alimtazama tu mama yake. Kuruthumu alikagua mafundo, moja baada ya jingine.

"Pita kushoto," alisema. "Kulia ni kubovu."

Badria alipita kushoto, akafika. Akaifunga kamba kwenye nondo. Uledi akatangulia kupanda, akivutwa na kusukumwa. Kuruthumu alikuwa wa mwisho, na miguu yake ilipoiacha gari, gari nayo ikaenda zake.

Waliufunga mkono wa Uledi kwa kanga waliyoifungua kwenye kamba. Nyingine waliitandaza mvuani, wakaikamua midomoni wakanywa. Alasiri ndipo boti ya zimamoto ilipowafikia, wakashushwa wanatetemeka, wote wakiwa hai.

Viganja vya Kuruthumu vilipopona, alikwenda ghalani. Mwalimu Candida alimwona mlangoni, akasimama, amejiandaa kwa ugomvi. Badria, aliyetangulizwa na mama yake, alikuwa chini ya ukuta, mwenzake akimshikia kamba.

Kuruthumu akavua viatu.

"Bado naogopa, mwalimu," alisema. "Wala sitaacha kuogopa. Lakini kamba ya huyu naishika mimi."

Akaipokea, akaipitisha nyuma ya kiuno, akakaza miguu.

"Panda, mwanangu."