Damu ya Unga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mokeira alichuma chai na babake, Alfayo, kisha wakaipeleka kituoni Ikonge kupimwa. Wakulima waliokuwa wakingojea lori la kiwanda walizoea kumtania: "Haya, daktari wetu, leo redio imesema nini?"

Jumatatu moja alijibu kwa madaha, "Ng'ambo wameunda damu ya unga. Unakoroga na maji, unamwekea mgonjwa. Mambo ya watu kuchomwa sindano watoe damu yamekwisha."

"Kama uji!" alisema jirani yao, Mose, na kituo kizima kikacheka. Mokeira aliona raha kusikilizwa na watu wazima.

Alhamisi mamake, Drusilla, alijifungua mtoto wa kike hospitalini Kisii, kisha akatokwa na damu nyingi. Asubuhi hiyo Mokeira alikuwa kituoni na kikapu chake babake aliposhuka matatu akaja mbio, shati limekaa upande.

"Jamani, Drusilla anatuponyoka," alisema. "Damu ya hospitali imebaki mfuko mmoja tu. Mimi nimeshatoa. Wanataka watu wengine, na wanawataka sasa."

Watu walitazama chini. Kila mmoja alijua kwamba chai isiyopimwa hunyauka, na lori halimngoji mtu.

"Pole sana, ndugu yangu," Mose alisema. "Lakini hao wanakusumbua bure. Si kuna ile ya unga? Binti yako alitueleza hapa hapa. Rudi uwaambie wakoroge."

"Kweli," wengine wakaitikia, wakifurahia kupata pa kujificha.

Mokeira aliweka kikapu chake chini. Akinyamaza, hakuna atakayejua kosa lake. Lakini mama je?

"Baba Bitutu," alimwambia Mose, akitetemeka, "nilidanganya. Redio ilisema wanasayansi bado wanaijaribu. Haiko Kisii, hata Nairobi haiko. Nilitia chumvi ili mnisifu. Tafadhali, mama yangu asife kwa sababu ya maneno yangu."

Alfayo alimtazama bintiye.

Mose alifungua aproni yake ya plastiki, akaitupa juu ya kikapu. "Mimi naogopa sindano kuliko nyoka," alisema, kisha akamgeukia mtoto wake. "Bitutu, mwanangu, baki na chai yangu ipimwe. Alfayo, twende."

Wanaume watatu, mwanamke mmoja na Mokeira wakamfuata. Waliobaki wakavuta mbele vikapu vya walioondoka, wakaahidi kuvisimamia mpaka lori lije.

Hospitalini damu ililazimika kupimwa kwanza. Mokeira aliketi nje ya wodi, na kila mlango ulipofunguka alisimama. Jua lilikuwa limeinama muuguzi Purity alipotoka.

"Damu imeacha kutoka. Ameamka, anaomba uji."

"Uji wa wimbi," Mose akauliza, akishika mkono wake uliofungwa pamba, "au ule wa Mokeira?"

Walicheka wote, ila Mokeira, aliyekuwa akilia.

Purity alimwinamia. "Huenda siku moja damu ya kutengenezwa itatufikia, nami nitaipokea kwa vigelegele. Mpaka siku hiyo, damu ya kumwokoa mtu hutoka kwa mtu mwenzake."

Alfayo alimshika bintiye bega. "Ule uongo uliusema ukiringa," alisema, "na ukweli ukausema ukitetemeka. Shika huo wa kutetemeka, mwanangu. Ndio uliowaleta hawa hapa."