Kalenda Kwenye Kioo cha Mama

Jina langu la kwenye daftari la mahudhurio analitumia mwalimu peke yake. Watu wengine wote huniita Redio, eti kwa sababu nikishafunguliwa sizimiki. Ndiyo maana hata wazazi wangu wanaitwa Baba Redio na Mama Redio, na hakuna anayewaonea huruma.

Kila siku nikitoka shule napitia karakana. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye milango miwili na pazia katikati. Kushoto Baba anatengeneza pikipiki, kulia Mama anashona nguo. Kazi yangu ni kuokota vilivyoanguka. Baba alinipa sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Nikiipitisha sakafuni upande wake inanasa nati na skrubu, nikiipitisha upande wa Mama inanasa pini. Kuna siku nilichanganya makopo, na mteja mmoja wa Baba akakalia pini. Hiyo tuiache, maana mteja mwenyewe hajanisamehe.

Mle ndani kuna sheria moja ambayo hata Baba anaiogopa: mkasi mkubwa wa Mama haukati karatasi. Ule ni wa kitambaa tu. Ukikata karatasi unakuwa butu, na Mama anakuwa mkali. Mwaka juzi Baba aliutumia kufungulia boksi la vipuri. Mama alimtazama tu. Mpaka leo Baba akiuona mkasi ule anazunguka meza.

Basi, mwanzo wa mwaka, muuza vipuri wa jumla akampa Baba kalenda, naye akaipigilia ukutani upande wake. Chini ilikuwa na miezi yote kumi na miwili, tarakimu kubwa za kusomeka. Juu ilikuwa na tangazo la mafuta ya injini: dada mmoja amekaa juu ya pikipiki, na nguo alizovaa, zote kwa jumla, Mama angezitoa kwenye leso ya mfukoni na ikabaki.

"Hayo mafuta ya injini yenyewe yako wapi?" Mama aliuliza, kalenda ikiwa imemaliza wiki mbili ukutani.

Tulitafuta. Kopo lilikuwa pembeni kabisa, dogo, limefichwa na goti.

"Baba Redio, hiyo toa," Mama akasema.

"Hii? Ni kalenda tu, mke wangu. Nahitaji tarehe."

"Tarehe ziko kwenye simu yako."

"Simu yangu haipigiliwi misumari!"

Wateja wawili wa pikipiki wakaangua kicheko. Hapo ndipo Mama alipochemka. "Huna haya!" akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. "Mtu mzima ovyo!"

Baba akachukua spana, akaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Tangu saa ile wakanuniana.

Wazazi wangu wakinuniana hawapigi kelele. Wananitumia mimi.

"Redio, mwambie baba yako chakula tayari," Mama angesema, na Baba amekaa papo hapo, kijiko mkononi.

"Redio, mwambie mama yako nimekiona."

"Redio, mwambie baba yako basi akile."

Siku tatu za kwanza nilifurahia, nikajiona mtu mkubwa. Siku ya nne Mama akaniita kando ya pazia, na safari hii hakuzungumzia chakula.

"Mwambie baba yako, kile chumba cha jirani na kinyozi bado kitupu. Kama ile picha haitoki, cherehani yangu inatoka. Kila mtu awe na karakana yake."

Baba na Mama wamefanya kazi kwenye chumba kile tangu kabla sijazaliwa. Baba ndiye anayeitia cherehani mafuta. Mama ndiye anayeshona viti vya pikipiki vilivyochanika. Saa saba mchana wanavuta pazia, wanakaa kwenye benchi moja, wanakula, na Baba anasimulia vichekesho vyake. Cherehani ikivuka barabara, nani atavicheka? Hakuna mtu mwingine anayevicheka.

Nikapita kwenye pazia. Baba akainua uso kutoka kwenye cheni. "Anasemaje?"

"Anasema..." Nikashika pazia. "Anasema hana neno tena na kalenda."

"Hana neno?"

"Hana kabisa. Ameshaizoea. Anasema hata inapendeza."

Hilo la mwisho wallahi sijui lilitoka wapi. Lakini uso wa Baba ulichanua pale pale.

"Nilijua! Mama yako ni mtu mwelewa sana, sema hasira zake za karibu. Mwambie nashukuru. Na nitafanya jambo, ataona mwenyewe."

Nikarudi kwa Mama. "Baba anasema atafanya jambo."

Mama akashusha pumzi. "Haya. Afadhali ameelewa."

Niliokota pini zote mle ndani, na zilipokwisha nikazimwaga nikaziokota tena.

Kesho yake nilipofika, Shangazi alikuwa amekuja kujaribu gauni lake. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, mwili wake ni wa kushiba na sauti yake haijui kunong'ona. Gauni lilikuwa halijashonwa bado. Lilishikizwa kwa pini tupu kuanzia kwapani hadi magotini. Mama alikuwa ametoka kidogo kununua zipu.

"Nimeambiwa nisikae, nisiiname, na nisipumue sana," Shangazi akaniambia, amesimama wima katikati ya chumba. "Nikune mgongo, mwanangu. Taratibu!"

Hapo Baba akaingia, tabasamu limejaa uso mzima, karatasi iliyoviringishwa kwapani. Akachagua mahali ukutani juu ya cherehani ya Mama, akashika nyundo, ko, ko, ko. Akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

Ilikuwa kalenda ya pili! Dada yule yule, pikipiki ile ile, kopo lile lile nyuma ya goti.

"We mdogo wangu," Shangazi akasema, "una homa?"

"Zawadi ya mke wangu, Dada. Amesema inapendeza. Hii ilikuwa ya mwisho, nimembembeleza muuza vipuri mpaka akachoka."

Nikaona bora niondoke. Nikageuka, na mlangoni alikuwa amesimama Mama, zipu mkononi.

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliitazama kalenda, akamtazama Baba, akaiweka zipu mezani. Kisha akaanza kufungasha. Akachomoa uzi kwenye cherehani. Akakusanya chaki, tepu ya kupimia na mkasi, akavitia kapuni.

"Wifi, unakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Ng'ambo ya barabara."

"Na mimi je?" Shangazi akanyoosha mikono. "Aii! Mimi nimejaa pini hapa!"

"Nitarudi kukuchukua, wifi. Naanza na cherehani."

Baba alikuwa ameganda, nyundo hewani. "Lakini si wewe mwenyewe umesema inapendeza? Redio ameniambia!"

"Mimi? Nimesema nini?"

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa bado na upenyo mmoja: kusema kwamba Baba alinisikia vibaya. Uongo wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini nikaona mkono wa Mama umeshika cherehani tayari kuinyanyua, na nikajua kwamba nikiongeza neno moja la uongo, itavuka barabara kweli.

"Nilidanganya," nikasema, na machozi yakaanza. "Mama hakusema inapendeza. Alisema atahama. Sikutaka ahame. Nilidhani nikileta maneno mazuri mtapatana."

Shangazi ndiye aliyeanza kusema.

"Ngojeni kwanza. Huyu mtoto ndiye anayewabebea maneno? Tangu lini?"

"Siku tano," nikajibu, maana kujibu sikuachi hata nikilia.

"Na mezani mnakaa wote?"

Baba akatazama nyundo. Mama akatazama zipu.

"Haya. Wifi, acha hiyo cherehani, mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Na wewe, weka nyundo chini usikilize mpaka amalize. Mimi sina haraka, siwezi hata kukaa."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Baba Redio, unadhani nina wivu na karatasi. Sina. Njoo usimame hapa."

Alimwonyesha alama ya chaki sakafuni, mbele ya kioo kirefu, pale wanaposimama wateja wa kupimwa. Baba hajawahi kusimama pale hata siku moja; nguo zake Mama humpima kwa macho tu. Akasogea, akasimama. Kwenye kioo akajiona: ovaroli lenye grisi, nywele zenye vumbi, na tumbo lake ambalo siku zote humtangulia kuingia mlangoni. Na kando ya sikio lake, kupitia pazia lililofunguliwa, ilionekana kalenda ya kwanza. Yule dada alikuwa kama amesimama naye bega kwa bega.

Baba akatazama. Kisha, polepole, tumbo lake likaanza kuingia ndani.

"Umevuta tumbo," Mama akasema.

"Sijavuta."

"Umevuta, nimekuona!" Shangazi akacheka kwa nguvu. "Aii! Pini! Uwiii!"

Baba akaishiwa pumzi, tumbo likarudi mahali pake. Hata mimi nilicheka, makamasi na yote.

Mama hakucheka. "Kila anayesimama hapo hufanya hivyo. Wasichana wanaokuja kupimwa sare, wadogo kama Redio, wananiomba niwabane hapa, niwapunguze pale. Juzi mmoja kaniuliza kama na yeye siku moja atakuwa mzuri. Nikadondosha chaki. Na huyu wa kwako," akaninyooshea kidole, "akidhani simwoni, anasimama hapo, anavuta tumbo mpaka macho yanamtoka."

Uso ukaniwaka moto. Nilidhani hakuna anayejua.

Baba akanigeukia. "Kweli, Redio?"

Uongo nilikuwa nimeshaumaliza. "Kweli, Baba."

Baba akaketi kwenye kiti cha Mama kama mtu aliyetoka safari. "Mke wangu, mbona hukuniambia hivi?"

"Nilianza kukwambia. Ukaleta mzaha wa misumari, watu wakanicheka."

"Na wewe ukaniita mtu mzima ovyo mbele ya wateja wangu. Nikaona, nikiitoa sasa, wote watasema kweli huyu ni mhuni. Nikaiacha kwa ubishi." Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajipaka zaidi. "Nilikosea. Nilikuwa nabishana juu ya karatasi, kumbe mwenzangu anamzungumzia mtoto."

Mama akainamisha kichwa. "Hilo la ovyo lilinitoka kwa hasira. Ningekuita pembeni. Nisamehe."

Baba akainuka, akaing'oa kalenda ya juu ya cherehani, akaenda akaing'oa na ile ya kwanza. Akaitandaza mezani. Chini ilijaa mwandiko wake: siku ya kumaliza pikipiki ya huyu, siku ya kufunga breki za yule.

"Tarehe nazihitaji kweli," akasema kwa unyonge.

"Tarehe sijazikataa," Mama akasema.

Kati ya picha na tarehe kulikuwa na mstari mweupe. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeuona kwa sababu ya kununa. Baba akajipapasa mifukoni kutafuta wembe, akatoa plagi, akatoa skrubu, wembe hakuna. Ndipo Mama akaingiza mkono kapuni, akatoa mkasi wake mkubwa, akampa.

"Mama!" nikapiga kelele. "Hiyo ni karatasi!"

"Naiona," Mama akasema. "Kata upesi, Baba Redio, kabla sijaghairi."

Baba alikata huku ulimi umemtoka nje, kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao. Tarehe zikarudi ukutani. Mama akazigeuza zile picha mbili, akapapasa upande wa nyuma uliokuwa mweupe. "Karatasi nzito hii. Itanifaa kuchorea kola za sare."

"Mtanishona leo, au nizeekee humu?" Shangazi akauliza.

Mama alipoanza kumchomoa pini, Shangazi akaniita mbele yake.

"Redio, ulitaka mema, nimeona. Lakini ulimvisha mama yako maneno ambayo hakuyasema, na baba yako akapatana na mtu asiyekuwepo. Umeona ilivyotaka kuishia. Mzigo wa watu wazima ukikuzidi, sema umekuzidi. Njoo kwangu. Usiupambe. Na hilo tumbo lako liache lipumue. Yule dada yuko kazini tu, na picha za matangazo hupunguzwa na kunyooshwa na mafundi, kama mama yako anavyopunguza gauni hili. Aii, wifi! Hiyo ilikuwa nyama!"

Kisha akawageukia wazazi wangu, bado amesimama wima. "Nanyi, mtoto si posta. Mtu akiwa na neno na mwenzake amwite pembeni, aseme kinachomuuma hasa, si tusi lililo karibu na mdomo. Na mwenzake kabla ya kujitetea akasimame kwanza pale anaposimama huyo anayelalamika. Kioo kipo. Hakuna asiyejua njia."

Kesho yake, Jumamosi, saa saba mchana walivuta pazia, tukakaa benchi moja. Mama akaonja chakula, akakunja uso. "Redio, mwambie baba ya..."

Akasita. Baba akaacha kutafuna. Mimi nikafumba mdomo, nikamnyooshea Baba kidole: huyo hapo.

"Baba Redio," Mama akasema, "nipe chumvi."

"Chukua, mke wangu," Baba akasema, na papo hapo akaanzisha kichekesho cha zamani kabisa ambacho tunakijua mwanzo hadi mwisho. Mama akacheka mpaka akakohoa.

Siku hizi nikisimama mbele ya kioo cha Mama, nyuma yangu naona tarehe na mwandiko mbaya wa Baba. Tumbo langu nimeliacha lilivyo.