Wa Kwanza Kufika Lushoto

Siku ya gari moshi, stesheni ya Korogwe haikuwa na pa kuweka mguu. Wachukuzi walipigana vikumbo na mizigo ya katani, wanawake wa Kishambaa walishuka na vikapu vya maharage, na katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja aligonga kengele ya baisikeli bila kukoma. Alivaa kaptura ya kaki na kofia nyekundu ya matarishi wa boma, mfuko wa barua begani. Mbele yake alisimama msichana wa kanga mpya, bakuli la wali kichwani, wala hatikisiki.

"Bibie, husikii kengele?"

"Naisikia. Nangoja nione kama na mdomo unafanya kazi."

Watu wakacheka. Kijana akashuka, akavua kofia.

"Naitwa Mhina, wa Chanika kule Handeni. Naomba njia."

"Hapo umesema kama mtu. Mimi Amne. Pita."

Lakini Mhina hakupita. Alimfuata hadi penye kuni za gari moshi, ambako Amne alikuwa anampelekea chakula kaka yake Hiza, mpakia kuni. Tangu wiki ile barua za Handeni zikawa zinafika Korogwe mapema kuliko zilivyopata kufika.

"Leo umechelewa," Amne angesema, naye anajua jua halijatoka vizuri.

"Nilikuwa nakuwaza, nikapitiliza njia."

"Mwongo mkubwa! Barabara yenyewe ni moja."

Mhina alipopeleka posa, baba yake Amne alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana, kofia ni ya boma, baisikeli ni ya boma. Siku boma likitaka vitu vyake, binti yangu atabaki na nini?" Mhina aliichukua kofia yake. Aliaga kwa adabu akaondoka.

Jibu lilikuja lenyewe Januari 1913. Katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, Wajerumani walitangaza mashindano ya baisikeli kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto, kwa timu za watu watatu watatu. Timu ingehesabiwa imefika pale mtu wake wa tatu atakapofika, na washindi wangepewa fahali. Ila yule atakayetangulia kuliko wote angepewa baisikeli mpya, iwe mali yake.

Timu ya Korogwe ilikuwa Mhina, Hiza, na Habakuki, fundi seremala aliyezaliwa huko huko milimani. Walifanya mazoezi mwezi mzima kwa baisikeli za kuazima. Wiki ya mwisho Hiza akashikwa na homa, na alipoinuka kitandani suruali ilikuwa inampwaya. Hata hivyo alikataa kuachwa.

Asubuhi ya mashindano, pale Mombo, Amne alimvuta Mhina pembeni.

"Hiza hajapona. Anajikaza tu. Usimwache njiani."

"Simwachi, roho yangu."

"Apa."

"Haki ya Mungu, simwachi."

Amne akamfunga kitambaa kiunoni, akamsukuma mgongoni. "Nenda basi, tarishi."

Bunduki ililia, timu nne zikaondoka. Barabara ya Lushoto ilikwenda ikijikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye mto unaonguruma. Watu wa Korogwe walipanda kwa mstari: Habakuki mbele kwa sababu aliijua njia, Hiza katikati, Mhina nyuma akimtia moyo. Jasho liliwaingia machoni. Mara mbili Hiza alibaki nyuma, na mara mbili wenzake walimngoja.

Mara ya tatu Habakuki alikwisha pinda kona. Hiza alishuka, akaegemea usukani, midomo imekuwa myeupe. Mtu mmoja wa timu ya Mombo akawapita peke yake, akihema.

Mhina akamtazama yule mtu akipotea. Kisha akamtazama Hiza.

"Nenda," Hiza akasema.

"Nimeapa kwa dada yako."

"Nenda, Mhina! Ni baisikeli yenu ile. Nitakuja."

Mhina akakanyaga. Alimpita Habakuki bila neno, akamfikia yule wa Mombo karibu na mashamba ya juu, akaingia Lushoto wa kwanza huku tarumbeta zikilia. Wakamkabidhi baisikeli nyeusi inayong'aa. Alisimama nayo kando ya uwanja, macho barabarani. Timu ya Mombo ikatimia. Ya Mazinde ikatimia. Korogwe hawakuonekana.

Hiza alikuwa amejaribu kuwafukuzia. Miguu ilimsaliti kwenye changarawe, akaporomoka korongoni hadi kwenye mawe. Habakuki, aliyekuwa akingoja kona ya mbele, alisikia kelele, akarudi, akamtoa na kumbeba mgongoni. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Walimteremsha Mombo kwa machela. Amne aliiona baisikeli mpya kwanza, akapiga kigelegele. Kisha akaona machela, na kigelegele kikakatika.

"Uliapa," alimwambia Mhina.

Mhina alimtazama Hiza. Hiza akageuza uso.

"Uliapa kwa Mungu, Mhina."

Mhina hakusema kitu.

Alimtuma Habakuki mara tatu kumwombea msamaha. Mara ya mwisho Amne alijibu, "Mwambie abebe barua za watu, maneno yake ayaache." Mhina akaomba kuondolewa njia ya Korogwe. Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, Mbwana, mfanyabiashara wa tumbaku wa Mazinde, alileta posa. Amne alikubali siku ile ile, hata mama yake akashangaa. Mbwana alikuwa mtu mpole, na nyumba yake haikuwa na kelele.

Miezi ikapita. Siku moja Amne alikwenda kuwasalimu wazazi, akamkuta Hiza barazani anajifunza kutembea bila gongo.

"Amne, Mhina hakuniacha. Mimi nilimwambia aende."

Amne alikaa chini taratibu. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimelala, mnanilisha kwa kijiko, kila mtu ananihurumia. Niliona haya. Nikasema nitakuambia nikiinuka. Kisha ukaolewa upesi vile."

Mwezi uliofuata kulikuwa na arobaini ya ndugu yao Chanika. Amne alikwenda na shangazi yake Fatu, na shughuli ilipokwisha walipita nyumbani kwa Mhina. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Amekonda. Shangazi Fatu aliitikia shikamoo yake, akajitenga mlangoni.

"Hiza ameniambia," Amne akasema. "Kwa nini ulinyamaza, Mhina? Neno moja tu ningelisikia."

"Neno gani? Kwamba aliniambia nenda?"

"Ndiyo."

"Alisema nenda. Lakini nilimwona midomo, Amne. Nilijua anataka nimngoje. Nilijua, nikachukua lile neno kwa sababu nililitaka." Alifuta mikono kwenye shuka. "Ningejitetea kwa hilo, ningekuwa nimekudanganya mara ya pili."

Amne alilia kimyakimya, kanga mdomoni.

"Ungeniambia hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Siku ile ile, Mombo. Ningekutukana, ningelia, ningekaa wiki nzima bila kusema nawe. Halafu ningerudi."

"Sikujua."

"Na mimi sikukuuliza. Niliolewa kwa hasira, na mtu mwenyewe hana kosa. Juzi kanipakia chakula cha njiani kwa mikono yake."

Shangazi Fatu akakohoa mlangoni. Safari ya kurudi ni ndefu. Amne akasimama, akajifunga kanga vizuri. Mhina naye akainuka, kama inavyopasa, amsindikize mgeni hadi njiani.

"Kaa," Amne akamwambia. "Usinisindikize. Ukinisindikiza nitarudi."

Mhina akakaa. Alizisikiliza hatua zao zikizunguka nyumba, kisha sauti ya Shangazi Fatu ikiuliza jambo, na hatua zikizidi kwenda.