Sauti ya Papa Hyacinthe

Januari ya mwaka 2015 theluji ilifunga barabara ya kaskazini, na kituo cha mabasi cha Columbus, Marekani, kikafurika watu. Katikati ya mabegi na watoto waliolala sakafuni, kijana mmoja alikuwa akicheka peke yake mbele ya simu, anacheka mpaka machozi. Jina lake Karoli. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na sasa alipakia maboksi kwenye ghala moja la Louisville na kuishi Shively. Alivaa jaketi jeusi la ngozi bandia na kofia nyekundu ya sufu iliyokaa upande.

Msichana aliyeketi mkabala naye alishindwa kuvumilia.

"Bon, kaka, unacheka nini vile? Sisi wengine tuko tunalia na baridi."

Karoli akainua macho. Aliona skafu ya kitenge cha njano, mashavu ya mviringo na macho yaliyokuwa tayari kwa ugomvi wa utani.

"Njoo uone. Ni kipindi cha Waingereza. Zamani kilikuwa cha redio, kikahamia kwenye televisheni. Wanaigiza sauti za watu maarufu, waziri mkuu, wacheza mpira, watangazaji. Waigizaji wachache tu, lakini ukifumba macho utadhani nchi nzima imejaa chumbani."

"Na hao watu hawakasirike?"

"Wakasirike wapi? Ni wakubwa hao. Wanaigwa wakubwa tu, dada. Ndiyo utamu wake."

Akabana pua na kuiga sauti ya mama wa kipaza sauti cha kituo, akatangaza kwa Kiingereza kwamba basi la Buffalo litaondoka Mungu akipenda. Wazee wawili wakasimama na kuokota mabegi yao. Msichana alicheka hadi akashika kiti.

Aliitwa Aksanti. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, aliishi Buffalo na baba yake, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba moja ya Kenmore. Alikuwa amekuja Columbus kumtembelea binamu yake Chimène, pale Clintonville. Barabara ilipofunguliwa, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Simu zikaanza. Karoli hakupiga kwa sauti yake hata mara moja.

"Leo ni nani ananipigia?" Aksanti aliuliza.

"Waziri mkuu wa Uingereza. Nimesikia kuna binti Buffalo anawanyima watu usingizi."

"Mwambie waziri mukuu aniachie Karoli dakika tano. Niko na maneno naye."

"Karoli hayupo, ameenda kununua pete."

"Muongo weye!" Akacheka, na kicheko hicho kilimtosha Karoli wiki nzima ghalani.

Kufikia kiangazi Karoli alikuwa na kipindi chake mwenyewe, kwa mfano wa kile cha Waingereza. Kila Jumapili mchana alirekodi dakika kumi za Kiswahili na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp. Aliigiza wachungaji, wanamuziki na wenyeviti wa jumuiya, na watu wakamsubiri kutoka Louisville hadi Buffalo. Mara mbili alipanda basi kwenda kumwona Aksanti. Alipikiwa sombe, kisamvu cha Kikongo, akakaribishwa na baba yake, Papa Hyacinthe, mzee mwembamba mwenye sauti laini aliyeamkia kila mtu, hata mashine.

Kweli, hata mashine. Mwezi wa nane Aksanti alimpigia Karoli akiwa mapumzikoni.

"Sikiliza hii, chéri. Papa alinipigia nikiwa ku kazi. Simu ikaingia ku ile mashine ya ujumbe. Anafikiri ile sauti ni mwanamuke wa kweli."

Sauti ya mzee ikasikika. "Allô, mama. Habari ya kazi? Natafuta binti yangu Aksanti. Haiko? Bon, haina shida. Watoto wako hawajambo?"

Wote wawili wakacheka. Lakini mzee aliendelea.

"Mama, weye uko na moyo wa kusikia, acha nikuambie. Kazi walinifukuza, sasa ni wiki tatu. Kila asubui nabeba chakula yangu mu sanduku, naenda kukaa mu bibliothèque, kati ya vitabu, mpaka saa kumi. Usimwambie mutoto. Atatafuta kazi ya pili, ataanguka. Asante, mama."

Kicheko cha Karoli kilikatika.

"Sijamwambia kama najua," Aksanti alisema kwa sauti ya chini. "Namuacha tu. Weye peke yako ndiyo unajua, Karo."

"Kwangu haitoki, mpenzi."

Oktoba Chimène aliolewa. Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, Columbus. Aksanti alivaa gauni la satini ya kijani lililomshika kiunoni, na Papa Hyacinthe suti ya kahawia yenye kizibao. Karoli aliombwa achekeshe watu. Akaanza na wachungaji, akaingia kwa wanamuziki, na ukumbi ukamfurahia. Baada ya dakika kumi kicheko kikapungua. Sauti hizo walikwisha kuzisikia kwenye simu zao. Vijana wakainamia vioo vya simu, akina mama wakarudi kwenye sahani.

Ndipo Karoli akainamisha mabega na kulainisha koo.

"Allô, mama. Habari ya kazi?"

Ukumbi ulilipuka. Hakutaja jina, na hapakuwa na haja. Papa Hyacinthe mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kwa kuwa alijitambua. Karoli alimwona akicheka, akahesabu kwamba ameruhusiwa. Akaendelea. Akaulizia hali ya watoto wa mashine. Akabeba sanduku la chakula ambalo halikuwepo, akaketi kwenye bibliothèque akifunua kurasa asizoweza kusoma. Watu walipiga sakafu kwa miguu.

Mzee alipiga makofi kidogo tena. Kisha viganja vyake vikabaki vimeshikana. Hakumtazama Karoli. Alimgeukia binti yake.

"Ulijua?"

Aksanti akatazama sahani yake. Mzee akaomba koti lake.

Karoli aliwakuta kwenye maegesho. Papa Hyacinthe alikuwa tayari ndani ya gari, ameangalia mbele.

"Sikutaja jina, mpenzi! Na yeye alicheka, ulimwona!"

"Siku ya kwanza ulinambia wanaiga wakubwa tu," Aksanti alisema. "Papa yangu ni mukubwa wa nini, Karoli? Wa nini?"

"Watu walikuwa wamenichoka. Sikujua nifanye nini."

"Donc ukawapatia papa yangu wamucheke."

Simu nyingi zilikuwa zimerekodi. Hadi Jumapili video ilikuwa kila mahali, na kanisani Buffalo watoto walimsalimia mzee, "Allô, mama!" Aksanti aliifungia namba ya Karoli. Karoli akaacha kipindi, akamtuma Chimène mara tatu, asipate jibu.

Desemba alipanda basi na pete mfukoni. Papa Hyacinthe ndiye aliyefungua mlango. Karoli akapiga magoti pale pale barazani, kwenye theluji.

"Simama, mutoto," mzee alisema. "Utapata baridi. Ulinipata vizuri, hata miye nilicheka." Akaingia mwenyewe ndani kumwita binti yake.

Aksanti alitoka amevaa sare ya kazi, nywele amezifunga nyuma. Akaitazama pete bila kuigusa.

"Unajua Papa anafanya nini sasa? Akinipigia, nisipopokea, anakata. Haseme tena kitu. Mu nyumba ananiuliza kama nimekula, basi. Nilikuwa na papa, sasa niko na mugeni."

"Nitarekebisha, Aksa. Nitaongea naye."

"Na sauti ya nani?"

Karoli akaifumbata pete kiganjani.

"Nakupenda," Aksanti akasema. "Hata leo. Lakini kila neno nitakuambia, nitakuwa najiuliza litachekesha nani. Siwezi kuishi vile." Akavuta kofia ya jaketi kichwani na kwenda kazini, hatua za haraka, bila kugeuka.

Papa Hyacinthe alimsindikiza Karoli hadi kituoni. Barabara iliteleza, mzee akamshika mkono njia nzima na kuongea habari za theluji na viatu vizuri vya kuvaa Buffalo. Basi lilipoonekana mbali, akasimama.

"Naweza kukuomba kitu?"

"Chochote, Papa."

"Usimupigie tena. Hata kwa Noeli. Ukipiga mara moja, atabaki anangoja. Miye namuona kila siku anavyoangalia ile simu. Muache apone."

Karoli alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

"Ndiyo, Papa," alisema.

Alitimiza. Noeli mbili zilipita, na hakupiga. Kiangazi cha 2017 Chimène alimpigia wakati wa mapumziko ya ghalani, akamweleza kwamba Aksanti ameolewa Jumamosi iliyopita na mwanamume wa kanisani kwao, aitwaye Gasore.

"Ni mtu mzuri?" Karoli aliuliza.

"Haongeake sana."

"Mzee alikuwepo?"

"Alimupeleka mwenyewe mbele ya altare."

Chimène akamuuliza kama yuko sawa. Karoli alisema yuko sawa, akamwomba amfikishie bibi harusi pongezi, halafu akabadili mawazo na kumwambia asimfikishie chochote. Akakata simu. Zilikuwa zimebaki dakika nne za mapumziko, akazimaliza amesimama, kisha akavaa glavu na kurudi kwenye maboksi.