Mama, Kaniwashie

Fundi seremala alikuwa mchapakazi, hilo hakuna anayebisha. Asubuhi na mapema yuko barazani, anaranda mbao. Vitanda vyake havikulia, na milango yake haikukwama. Lakini alikuwa na tabia moja. Alivuta sigara, na hakununua kiberiti. Kiberiti cha nini, na mtoto yupo?

"Mama!" aliita. Ndivyo alivyomwita binti yake kwa mapenzi. "Kaniwashie hii jikoni."

Binti alichukua sigara, akainama kwenye jiko la mkaa. Sasa, sigara haiwaki kwenye kaa mpaka uivute. Basi binti akavuta. Alikuwa na miaka minane. Mara ya kwanza alikohoa hadi machozi yakamtoka. Baba alicheka mpaka akaweka randa chini. Majirani nao wakacheka, watu wazima na akili zao.

Miaka saba ikapita. Binti akiwa kidato cha pili, fundi akaitwa shuleni. Mtoto alikuwa amekamatwa akivuta sigara nyuma ya tangi la maji.

Fundi aliingia ofisini kwa mwalimu wa malezi amefura kwa hasira. Binti alikuwa amesimama kando, macho chini.

"Mwalimu, niruhusu nimchape hapa hapa!" alisema. "Samaki mkunje angali mbichi!"

"Kaa kwanza, baba," mwalimu alisema. "Zamani shule hii iliwafukuza watoto kama huyu. Tulifukuza wengi. Walipoteza masomo, na sigara hawakuacha. Siku hizi tunawafundisha."

"Basi nitajie hao marafiki waliomharibu. Nani alimpa sigara ya kwanza?"

Mwalimu alimgeukia binti. "Mwambie baba. Hapa hupigwi."

Binti alisokota kona ya shati lake. "Si wewe, baba?" alisema kwa sauti ndogo. "Si ulikuwa unanituma jikoni?"

Fundi alimtazama binti, kisha mwalimu.

"Samaki umeshamkunja, baba," mwalimu alisema taratibu. "Umemkunjia upande wa sigara."

Fundi akakaa. Hasira yote ilimwisha, ikabaki aibu, na aibu ile ilikuwa chungu kama shubiri.

"Mbona basi haachi, kama anajua ni vibaya?" aliuliza.

"Kwenye tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Ndicho kinachomfanya mtu atake tena na tena. Ubongo wa kijana bado unakua, kwa hiyo unanaswa upesi. Huyu si mkaidi, baba. Amenaswa."

"Sasa tufanyeje?"

"Kila Jumatano baada ya masomo tuna kikundi. Wanafunzi wanajifunza kukataa. Mmoja anajifanya rafiki mshawishi, mwingine anakataa, mpaka ulimi uzoee. Wanajifunza pia kwamba hamu ikija haikai sana. Ni dakika chache tu. Unakunywa maji, unatembea, unavuta pumzi ndefu, inapita. Na mzazi anakuja pia. Wewe ukiendelea kuvuta nyumbani, sisi huku tunatwanga maji kinuni."

Fundi alikwenda. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga juu, akajifunza pamoja na watoto. Naye akaamua kuacha.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kichwa kilimgonga, akakata mbao mbili vibaya. Binti aligombana na kila mtu, hata na kuku. Mwezi wa pili alivuta tena, moja tu, kisha akaja mwenyewe kumwambia mwalimu. Mwalimu hakumfokea. Alimuuliza alikuwa wapi na alikuwa na nani, wakapanga afanye nini siku nyingine. Wakaanza upya.

Leo binti ana miezi sita hajavuta. Anapanda ngazi za shule bila kuhema. Siku za Jumatano yeye ndiye anayewafundisha wa kidato cha kwanza kukataa. Baba yake naye hakohoi tena alfajiri.

Jumamosi moja fundi alikuwa anakata ubao, binti amemshikia upande wa pili.

"Unaona?" fundi alisema kwa furaha. "Tumeiweza!"

"Tumeiweza, baba. Ila nikisikia harufu ya sigara njiani, bado nageuka."

"Hamu?"

"Si hamu. Huwa nadhani ni wewe unapita."

Fundi alisimamisha msumeno.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Binti aliushika ubao vizuri zaidi, akangoja. Lakini fundi alishindwa kukata. Mstari wa penseli hakuuona tena kwa machozi.