Gitaa Jekundu la Mirumbe

Mungu humwumba kinyozi, kisha shetani humpa kiburi cha mwanamuziki. Siku ya soko mjini Migori, Mirumbe, kinyozi mzaliwa wa Kehancha, aliingia duka la Job la ala za muziki. Ndani alisimama binti mwenye gauni jekundu na raba nyeupe, amefumba jicho moja, akichungulia shingo ya gitaa la kahawia kama seremala anayekagua ubao.

"Unatafuta nini humo, dada? Panya?"

"Naangalia kama imepinda, omera," alijibu, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Wewe unanunua la kwanza?"

"Mimi? Nimepiga tangu utotoni," alisema Mirumbe, ambaye utotoni alikuwa amepiga mbuzi tu.

"Basi chukua hili. Halina urembo, lakini halitakusumbua."

Lakini ukutani lilining'inia lingine, jekundu kama gauni lile. Mirumbe alilinunua bila kugusa hata uzi mmoja, kwani angegusa, angeumbuka. Job alifungua mdomo aseme neno, akaona pesa, akaufunga.

Hivyo ndivyo alivyompata binti yule, Irine wa Homa Bay, mpiga gitaa wa kwaya. Uongo aliukiri mchana uleule, juu ya sahani ya samaki, na Irine akacheka hadi mwiba ukamkwama. Akaahidi kumfundisha kwa simu. Simu ya Mirumbe ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, isiyo na picha wala huruma.

"Jaherana," Irine alimwita kwa Kijaluo, na moyo wa Mkuria ukayeyuka bila mkalimani. "Bonyeza uzi wa juu kabisa, ulio karibu na kidevu chako. Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, mpenzi."

"Piga."

Kilichotoka kilikuwa kilio cha fisi aliyekanyagwa.

"Mirumbe, wacha mchezo!"

Ole wake, mchezo ndio uliomtangulia kila mahali. Aliwahi kumpigia Irine akijifanya mkaguzi wa kwaya kutoka serikalini, na maskini akaimba ubeti mzima akiwa sokoni.

Kisha Irine akampa wimbo wa baba yake, ambao marehemu alimtungia mama ya Irine wakichumbiana. "Hakuna mwingine anayejua kuupiga isipokuwa mimi. Jifunze, tuupige pamoja siku ya kumbukumbu yake."

Mirumbe alijifunza hadi damu ikatoka vidoleni. Alipohisi yuko tayari, alimpigia, akaweka simu kitini, akapiga kwa macho yaliyofumbwa.

Sauti ya Irine ikamkatiza: "Unamcheka baba yangu?"

"Irine, nimejaribu kwa moyo wote..."

"Anayejaribu hakosei kila sauti! Hata mtoto hupata moja. Usinipigie tena."

Alipiga. Akapiga tena. Hakuna aliyepokea. Chakula kikamshinda, akamnyoa Mzee Maranga masharubu ambayo hakuna aliyeagiza yanyolewe, akajifungia chooni kulia, maji ya bomba yakimfunika sauti. Siku ya kumbukumbu ilipofika alibeba gitaa, akaenda Homa Bay kama anayekwenda kujishtaki.

Alimkuta Irine nyuma ya hema, gauni jeusi, leso kichwani.

"Hata leo umeleta utani?"

"Nimeleta vidole."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Ncha zilikuwa ngumu kama kwato, zimepasuka, zina magaga meusi. Irine alivigusa, kimoja baada ya kingine.

"Huu si utani," alisema polepole.

"Sijui nakosea wapi. Niambie tu nilitupe gitaa hili ziwani, nitalitupa."

Irine akalitoa gitaa katika mfuko wake wa kubebea. Akalitazama. Akalitazama tena. Uzi mwembamba ulikuwa juu, mnene chini; nyuzi zote zilikuwa zimegeuzwa.

"Mirumbe, hili limefungwa nyuzi za mtu wa mashoto."

"Lakini mimi si wa mashoto."

"Najua, mjinga wangu! Miezi yote hii nakwambia juu, wewe unabonyeza uzi mwingine kabisa!" Kicheko na machozi vikamtoka pamoja, na shangazi mmoja akachungulia kutoka hemani, mwiko mkononi.

Irine alikaa kwenye nyasi, akaanza kulegeza nyuzi.

"Watu wanangoja wimbo," Mirumbe alinong'ona.

"Watangoja. Wamezoea nikiupiga peke yangu." Akamkabidhi ncha ya uzi mnene. "Shika hapa. Usiachilie."

"Hata shangazi akija na mwiko?"

"Hata akija na mwiko."

Akashika kwa vidole vilivyopasuka. Viliuma vibaya sana, na hakuachilia.