Joho la Bibi Klearista

Kila asubuhi Filaina alipangusa kinubi cha baba yake, kisha akaenda kisimani na Mirto. Baba yake, Timandro, alikuwa mwimbaji wa tenzi za mashujaa. Tangu kiangazi yeye na Filaina walikuwa wageni wa Bibi Klearista, mama yake Mirto, mjini Eretria.

Tuseme kweli, Filaina alikuwa amenona. Kwao, kisiwani Serifo, alizoea uji wa shayiri na kuchunga mbuzi. Hapa alipata nyama ya kuchoma, maandazi ya asali na maji ya moto ya kuoga. Mama yake alibaki Serifo peke yake, na baba alikuwa amemwahidi kwamba watarudi kabla ya kuvuna zeituni.

Siku hiyo walimkuta kisimani nahodha Nikandro akijaza mitungi.

"We binti wa mwimbaji! Mwambie baba yako natweka tanga kwenda Serifo leo jua likishuka. Ni safari ya mwisho. Baada ya hapo ni dhoruba tupu mpaka baridi iishe."

"Nitamwambia," alijibu Filaina.

Njiani Mirto alimshika mkono. "Usimwambie! Unarudi Serifo kufanya nini? Huko hata mbuzi wanalamba mawe."

"Mbuzi wetu wana adabu kukushinda wewe," alisema Filaina huku akicheka.

"Mama anakufumia joho lenye ukingo mwekundu. Ukiondoka utalivaaje?"

Filaina alilitamani sana joho lile. Walipofika, baba alimuuliza, "Hakuna habari za Nikandro?"

"Hakuna, Baba."

Baba aliitikia kwa kichwa, akaanza kukaza nyuzi. Filaina alichukua andazi la asali, lakini akalirudisha bila kulimaliza.

Baada ya chakula cha mchana wageni walikusanyika, na Timandro akaimba. Aliimba habari za mshika usukani aliyetoka vitani, akatupwa na mawimbi kwenye kisiwa cha mfalme. Mfalme alimpa nyumba na shamba la mizabibu. Kila siku yule mtu alisema, "Nitaondoka kesho." Siku moja mchungaji alipita na mbuzi wake, wakinukia majani ya mlimani kama wa kwao. Yule mtu akaketi chini akalia.

Hapo sauti ya Timandro ilikatika. Wageni walimsifu, wakidhani ni ufundi. Filaina alijua kwamba baba alikuwa anamlilia mama. Aliona aibu kali, akasimama, ingawa mwimbaji hakatizwi na yeyote, hata mwenye nyumba.

"Baba, nimekudanganya! Nikandro anaondoka leo!"

"Nyamaza, mtoto!" alifoka mgeni mmoja. "Yule mshika usukani bado analia pale!"

Timandro alimgeukia mwenyeji wake. "Bibi, nifanyeje? Mwimbaji haachi wimbo katikati."

"Na mwenyeji hamzuii mgeni anayetaka kwenda," alijibu Klearista. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kaumalizie kwako."

Kisha akaleta lile joho, akamvika Filaina mabegani. Filaina akalia. "Sistahili, Bibi. Nilidhani nikiondoka sitalipata."

"Zawadi ya mgeni hutolewa siku anapoondoka, mwanangu. Ungebaki, ungeendelea kuliangalia tu. Kupenda maandazi yangu si kosa, nimeyapika yapendwe. Kosa ni kumfungia baba yako njia ya kwake kwa uongo. Tamaa ikikushika, sema. Ukiificha, watu wengine ndio watakaoilipia."

Walikimbia hadi ufukoni. Nikandro aliwagombeza, lakini akawapakia.

Serifo waliwahi zeituni zikiwa bado mtini. Mama aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja, akawapakulia uji wa shayiri. Timandro alichukua kinubi, akaanzia pale pale yule mshika usukani alipokuwa akilia, akamfikisha kwake.

"Mbona umeanzia katikati?" mama aliuliza. "Nani alikukatiza?"

Timandro aliinamia kinubi, akaanza kukaza nyuzi.

"Mimi, Mama," alisema Filaina. Akaweka bakuli chini, akamweleza yote.